Aliyebaki Mwisho wa Lami

Ukipanda basi Tanga kwenda Pangani siku hizi, mkishayapita mashamba ya mkonge konda ataita, "Mwisho wa Lami! Mwisho wa Lami wapo?" Wewe utachungulia dirishani na kuona lami inaendelea mbele, nyeusi, imenyooka, haina dalili ya kuisha. Wageni hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu mahali konda anapowashusha watu sipo penyewe. Mwisho wa Lami wa kweli uko nyuma ya migomba, upande wa baharini, ambako nyumba chache zimeipa mgongo barabara kubwa. Moja ya nyumba hizo ni ya shangazi yangu, Bi Semeni.

Nitakusimulia habari zake kwa hasira. Nimejaribu kwa upole nimeshindwa.

Zamani barabara hii ilikuwa ya vumbi tupu kutoka mjini mpaka kivukoni Pangani, na haikujua kunyooka. Ikikuta makaburi, inazunguka. Ikikuta mpaka wa shamba la mkonge, inazunguka. Ikikuta mkono wa bahari wenye mikoko, inauzunguka wote mpaka matope yaishe. Mwisho wake ulikuwa mto. Ukifika Pangani unasubiri pantoni, na ukivuka ng'ambo unakuta njia ya mchanga ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuiita barabara. Basi lami ikaanza kutoka mjini vipande vipande. Kila mara waliposema safari hii inafika Pangani, haikufika. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuja mpaka kwenye kona ya mikoko, mbele kabisa ya nyumba ya shangazi, halafu mkandarasi akafunga mitambo yake akaondoka. Wengine walisema mvua, wengine walisema fedha, wengine walisema mambo ambayo siyaandiki hapa. Lami ikakatika pale kama mkate uliokatwa kwa kisu, ikakaa hivyo miaka na miaka.

Hapo kabla, pale palikuwa na nyumba ya shangazi na minazi. Kiwanja alipewa na mjomba wake akiwa msichana mkubwa ambaye hajaolewa, na watu walikwisha kumkatia tamaa. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa vitumbua alivyokuwa akibeba kichwani kuwauzia vibarua wa mkonge. Alianza na udongo na makuti, baadaye akatia bati. Tafadhali likumbuke hilo, maana wako watu wengi pale ambao wamelisahau, na hawakulisahau kwa bahati mbaya.

Lami ilipokatika mlangoni kwake, mambo yakamnyookea. Madereva waliotoka mjini walisimama pale kukaza nati kabla ya kuingia kwenye mashimo, na waliotoka Pangani walisimama kukung'uta vumbi na kushukuru Mungu. Abiria wakishuka wanataka chai. Shangazi akaweka mabenchi barazani, birika kubwa jikoni, vitumbua, mihogo ya kukaanga na samaki. Watu wakahamia. Mwalimu Luqmani wa madrasa akajenga jirani. Anastazia, ambaye baba yake alikuja kutoka bara kukata mkonge akafia huku huku, akafungua genge la machungwa na dagaa. Kijiji kikazaliwa, na jina hakuna aliyelitafuta: Mwisho wa Lami.

Kombo naye aliletwa na lami hiyo. Alikuwa utingo wa basi la Pangani. Siku moja tairi lilipasuka, akaliziba pale huku jasho likimchuruzika, kisha akaketi barazani akala vitumbua, akaomba vingine. Wiki ya pili akarudi bila basi. Walioana bila ngoma kubwa, maana bibi harusi alikuwa na mvi mbili tatu na hakutaka watu wazihesabu. Kombo akafungua kazi ya kuziba pancha ubavuni mwa nyumba, na shangazi mwenyewe, kwa furaha aliyokuwa nayo, akachukua rangi nyeupe akaandika kwenye tairi kuukuu KOMBO PANCHA, akapanda juu ya stuli akalitundika kwenye nguzo ya baraza yake.

Kuanzia hapo nyumba ikawa kwa Kombo. Chai ikawa ya kwa Kombo. Nilimtania siku moja, "Shangazi, nyumba yako umeivalisha jina la mwanamume!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Weye mwana nawe! Jina linaezua bati?" Alipenda kuitwa mke wa Kombo, basi. Alikuwa amengoja muda mrefu kuitwa mke wa mtu.

Kazi ilipokuwa nyingi Kombo alimleta mdogo wake, Sele, kutoka Pongwe. Sele alikuwa mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kazi na mdomo mwepesi zaidi. Kwa miaka yote ile alikula kwa shangazi asubuhi, mchana na jioni, na shangazi alimwekea kichwa cha samaki kwa kuwa ndicho alichokipenda. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mwizi tangu mwanzo tungejua pa kumweka.

Kisha zikaja habari kwamba barabara inaendelea. Safari hii zilikuwa za kweli. Lami itafika Pangani, mto utapata daraja, na Pangani haitakuwa mwisho tena. Njia ile ya mchanga ya ng'ambo itageuzwa barabara, ipite Saadani iende mpaka Bagamoyo. Watu walishangilia. Shangazi alishangilia. Hakuna aliyejiuliza, ikiwa mwisho umehama, sisi tuliokuwa tukiishi kwa ule mwisho tutaishi kwa nini?

Wapima wakaja na vigingi vyao. Barabara mpya haikutaka kuzunguka kitu. Ilikuja imenyooka, ikaukata ule mkono wa bahari kwa tuta na makalvati, ikapita nyuma ya nyumba zetu, umbali wa mtu kuitwa akasikia. Kona yote ya mikoko, pamoja na mabenchi ya shangazi, ikaachwa pembeni. Kijiji kikakaa mkutano na kukubaliana jambo ambalo, kusema kweli, lilikuwa la haki: kando ya barabara mpya vitakatwa viwanja vya biashara, na kila mwenye nyumba ya biashara kwenye barabara ya zamani atapewa kimoja badala ya alichopoteza. Watakuja watu wa kuandikisha. Kila mwenye nyumba asimame mlangoni kwake ashike kibao cha namba, apigwe picha. Asiyesimama hana nyumba.

Mwezi ule ule Kombo akaanguka. Presha. Alianguka akiwa ameinamia tairi, na walipomfikia alikuwa ameshakwenda. Tulimzika alasiri, na shangazi akaingia eda.

Asiyezijua desturi zetu nimweleze. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hatii manukato, hatoki nje, na hasemi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, ila kwa haja, tena nyuma ya pazia. Mtaani kwetu huwa tunaongeza na masharti ambayo hayamo kitabuni: asichungulie dirishani, asipaze sauti, asionekane hata kivuli. Sele, kwa kuwa ni shemeji na si maharimu, alikuwa akisemea nje ya pazia. Mimi nilimzika mjomba Kombo nikiwa na mimba nzito, nikarudi kwangu Nguvumali, mjini Tanga, kujifungua, na siku za kuandikisha zilipofika nilikuwa nami nimefungiwa ndani na mtoto mchanga, nikikandwa kwa maji ya moto. Yote haya nimeyapata kwa Anastazia na kwa shangazi mwenyewe.

Jioni moja Sele akaja pazieni. "Shemeji," akasema, "kesho wanakuja wale wa picha. Weye tulia na eda yako. Nitasimama mie."

"Allah akulipe, Sele," shangazi akamjibu.

Anastazia alipopata habari alivuka njia mbio. Yeye ni Mkatoliki na anaingia ndani mwa shangazi bila kubisha hodi ya pili. "Bi Semeni, usikubali mtu akusimamie," akamwambia. "Jifunike gubigubi, toka, shika kibao, rudi ndani. Mimi nilipofiwa na mume wangu Tadeo, siku ya nne nilikuwa shambani nakata mkonge, na Mungu hakunigombeza."

"Kwenu ndivyo, Anasta. Kwetu sivyo."

"Shoga, picha ni dakika moja!"

"Dakika hiyo hiyo ndiyo watakayoizungumza mpaka nife. Walisema nilimnunua Kombo kwa vitumbua. Walisema mke wa uzeeni hana uchungu. Sasa wanione niko nje nimeshika kibao, na mume wangu udongo haujamkaukia?" Shangazi alikuwa analia aliposema hayo, Anastazia ananiambia, na shangazi si mwepesi wa kulia. "Nataka nimkalie eda yake nzima, isipungue hata asubuhi moja. Sina kingine cha kumpa."

Siku ya pili watu wakajipanga. Mwalimu Luqmani alisimama mbele ya nyumba yake na kanzu iliyopigwa pasi, ameshika kibao kifuani. Anastazia alisimama mbele ya genge lake. Na mbele ya nyumba ya shangazi, chini ya tairi lenye maandishi KOMBO PANCHA, alisimama Sele. Kijana wa picha aliuliza maneno mawili matatu, akaandika, akapiga, akaenda nyumba ya pili. Chai ilikuwa haijapoa.

Shangazi akamaliza eda yake. Akaoga, akabadili nguo, akatoka na kufumba macho kwa ukali wa jua. Viwanja vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Cha kwake kilikuwa pazuri kuliko vyote, pale mabasi yatakaposimama, na kilikuwa na jina la Sele.

"Aa, shemeji, wameandika hivyo tu hao," Sele akasema. "Tutarekebisha."

Tutarekebisha hiyo ikapita masika. Ikapita mfungo. Kisha shangazi akaona matofali yanashushwa, akaona msingi unachimbwa, na alipouliza akajibiwa kwa sauti nyingine. "Shemeji, ile nyumba ilikuwa ya marehemu kaka. Kila mtu anapajua kwa Kombo. Hata tairi lina jina lake. Mie ndiye mrithi wake, sasa tatizo liko wapi?"

Mimi ndiye niliyempeleka kwa wale wa kuandikisha. Tulimkuta kijana mpole, mgeni wa pwani, akatuonyesha picha. "Bibi, huyu hapa mwenye nyumba amesimama mlangoni," akasema. "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba hiyo hiyo unayoiona."

Yule kijana akaangalia picha, akamwangalia shangazi. "Ulikuwa ndani ya nyumba yako, na hukutoka?" Hakuwa na dhihaka. Alikuwa haelewi tu, na nilitamani kumzaba kibao kwa kutoelewa kwake. Akatushauri tulete watu wa kijijini waseme wanalolijua.

Tukaenda kwa Mwalimu Luqmani kwanza, kwa kuwa neno lake ni zito. Shangazi akamsimulia. Mwalimu akasikiliza, akashika ndevu, akasema, "Lakini, Bi Semeni, sheria ina nafasi ya dharura. Mjane anatoka mchana kwa haja yake, akarejea nyumbani kwake kulala. Ungetoka tu."

Shangazi akamuuliza, "Mwalimu, siku ile ulikuwa umesimama hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu akaangalia kanzu yake. "Siku ile nami nilikuwa na nyumba ya kusimamia."

Ushahidi hakutoa. Wala wengine hawakutoa, na wote walikula vitumbua vilivyoijenga nyumba ile. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, lakini ukiyachuja yalikuwa jibu moja: tukifukua la Semeni, yatafukuka na yetu. Kulikuwa na waliosimama mbele ya nyumba za dada zao walioolewa Muheza. Kulikuwa na waliosimama mbele ya mabanda waliyoyajenga juzi usiku. Anastazia peke yake ndiye aliyekwenda kusema, wakamwambia mama, wewe ni jirani tu, tena si wa ukoo wala si wa dini yao, mambo ya mirathi yao huyajui. Alirudi akiapa kwa watakatifu wote.

Barabara mpya ikafunguliwa. Mabasi yakahama siku moja, asubuhi yapo, jioni hayapo. Kando ya lami mpya pakawekwa kibao cha kituo, na kwenye kibao pakaandikwa MWISHO WA LAMI, kwa sababu ndilo jina lililozoeleka, na watu wa vibao hawahusiki na ukweli. Sele akafungua hoteli yenye viti vya plastiki. Jina likahama na mabasi. Huku nyuma pakabaki hapana jina. Ukimuuliza mtoto anasema kule kwa zamani. Lami iliyokatika bado ipo, majani yanaila kingo, na watu wanaanikia makopa ya muhogo juu yake.

Nilimwambia shangazi ageuze nyumba. Atoboe ukuta wa uani, aweke mlango unaotazama barabara mpya, angalau abiria waone kuna mtu. Alikataa. Kwa hiyo wanaopita na mabasi wanaona kamba yake ya nguo na ukuta wa jiko uliojaa masizi, na mlango wake umebaki kutazama kona isiyopita gari. Nilidhani ni ukaidi wa utu uzima. Nilikuwa sijajua.

Idi iliyopita nilikuwa pale na wanangu. Sele akaja, kanzu mpya, kofia iliyodariziwa, ameleta halua. Amenenepa. Akaketi barazani, chini ya lile tairi ambalo maandishi yake yamebaki nusu. Tuliamkiana. Shangazi akamtilia chai. Nami nikakaa kimya, maana nikifungua mdomo wangu mbele ya Sele sijui kuufunga.

"Shemeji," Sele akaanza, "hii hali ya kukaa mbalimbali si nzuri. Kule jikoni pako wazi. Chumba cha uani kipo, kina umeme. Njoo ukae nasi. Abiria wanaviulizia vitumbua vyako mpaka leo, wallahi. Weye upike, mie niuze, tule sote. Kaka angefurahi."

Alisema kwa moyo mmoja. Nilimwona usoni: aliamini kwamba analeta kheri. Alikuwa anamkaribisha shangazi awe mpishi kwenye kiwanja chake mwenyewe, na aliona ametenda wema.

Shangazi hakukasirika. Alimsogezea sukari. "Sele, siku ile ya picha unajua nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa ndani, shemeji. Edani."

"Nilikuwa nyuma ya mlango huu." Akaugusa kwa kiganja. "Kati yangu na mgongo wako ulikuwapo ubao tu. Nilisikia hata pumzi zako. Nikamsikia yule kijana akikuuliza, mwenye nyumba nani? Nikakusikia ukinyamaza. Nikasema, anatafuta namna ya kulitaja jina langu kwa heshima, mbele ya wanaume. Halafu ukasema, ni mimi."

Kikombe cha Sele kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kikarudi mezani.

"Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo," shangazi akasema.

"Sasa... kwa nini hukusema kitu, shemeji?"

"Ulikuwa na watu. Nikaona nikipaza sauti nitakuvunjia uso mbele ya wageni, na kaka yako hajatimiza hata arobaini. Nikangoja waondoke, uje pazieni uniambie umekosea. Na ulikuja. Ukanambia, shemeji, mambo yamekwenda salama." Akamtazama. "Nami nikakujibu, Allah akulipe. Unakumbuka?"

Sele aliinama akatafuta viatu vyake, akavaa cha kulia mguu wa kushoto, akavigeuza, akaondoka akipita uani kwenda barabarani kwake. Halua aliiacha. Chai aliiacha imejaa.

Niliinuka. "Shangazi! Miaka yote hii! Tumezunguka ofisi, tumewapigia watu magoti, na hukuniambia kwamba ulisikia?"

Kule nyuma basi lilikuwa limesimama, konda anaita Mwisho wa Lami, Mwisho wa Lami wapo. Shangazi alichukua kikombe cha Sele, akaimwaga chai kwenye mchanga.

"Ningekwambia nini, mwanangu?" akasema. "Kwamba nilishika komeo, nikaliachia?"